Kanisa linapogawanyika: Nani huondoka, na nani hubaki na jengo?

KUFIKIA mwisho wa mwaka wa 2023, zaidi ya makanisa 7,600 nchini Marekani yalikuwa yamejiondoa katika dhehebu la United Methodist. Idadi hiyo ni takriban robo ya makanisa yote ambayo dhehebu hilo lilikuwa nayo nchini humo kabla ya mlango wa kuondoka kufunguliwa mwaka wa 2019.

Kilichotangazwa zaidi kuhusu mpasuko huo ni ubishi juu ya ndoa za watu wa jinsia moja. Ni kweli kwamba hilo ndilo lililowasha moto. Hata hivyo, mtu akiufuatilia mtafaruku wenyewe hatua kwa hatua atatambua jambo jingine. Imani iliwafanya waumini watake kuondoka, lakini hati ya ardhi na malipo ya uzeeni ya makasisi ndivyo vilivyoamua ni nani angeondoka, lini na kwa masharti gani.

Jambo hilo linawahusu Waafrika pia, kwa kuwa baadhi ya matawi makubwa ya dhehebu hilo yako barani humu, na mlango uliofunguliwa Marekani haukufunguliwa huku.

Utata wa majina

Kwanza ni vyema kuondoa utata. Kanisa la Methodist nchini Kenya (MCK) si sehemu ya dhehebu hili. Wamethodisti wa Kenya wanatokana na kazi ya wamishonari wa Uingereza, ambao kituo chao cha kwanza kilianzishwa Ribe, katika eneo la Pwani, mwaka wa 1862 na Thomas Wakefield. Kanisa hilo lilipata mamlaka ya kujitawala mwaka wa 1967, na tangu wakati huo limekuwa likijitungia kanuni zake lenyewe.

United Methodist, kwa upande wake, liliundwa Aprili 1968 mjini Dallas, Texas, pale kanisa kuu la Wamethodisti wa Marekani lilipoungana na dhehebu la Evangelical United Brethren. Lina matawi Ulaya, Ufilipino na Afrika. Barani Afrika, limekita mizizi katika mataifa kama vile Nigeria, Liberia, Zimbabwe, Msumbiji, Angola na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo. Katika eneo la Katanga nchini Congo, waumini wengi wa dhehebu hilo huimba na kuhubiriwa kwa Kiswahili. Lina pia makanisa katika mataifa ya Afrika Mashariki, ikiwemo Kenya.

Kufikia mwaka wa 2019, dhehebu hilo lilikuwa na waumini zaidi ya milioni 12 duniani. Nchini Marekani idadi yao ilikuwa ikipungua mwaka baada ya mwaka, ilhali barani Afrika ilikuwa ikiongezeka. Badiliko hilo la mizani ndilo lililokuja kuamua matokeo ya kura iliyoshangaza wengi.

Chanzo cha mzozo

Dhehebu hilo halina papa wala askofu mkuu. Mamlaka ya juu kabisa ni Mkutano Mkuu, ambao kwa kawaida hufanyika kila baada ya miaka minne. Wajumbe wake ni makasisi na waumini wa kawaida kwa idadi sawa. Mkutano huo pekee ndio wenye uwezo wa kubadilisha Kitabu cha Nidhamu, ambacho hubeba katiba, mafundisho na sheria za dhehebu.

Mwaka wa 1972, katika mkutano wa Atlanta, kitabu hicho kiliongezewa maneno yaliyotamka kwamba vitendo vya mapenzi ya jinsia moja havipatani na mafundisho ya Kikristo. Mwaka wa 1984 ikaongezwa marufuku ya kuwapa daraja la ukasisi watu wanaokiri kuishi katika mahusiano hayo. Mwaka wa 1996 makasisi nao wakakatazwa kuongoza sherehe za kuwaunganisha wapenzi wa jinsia moja.

Tangu hapo, kila Mkutano Mkuu uligeuka kuwa uwanja wa mvutano. Upande mmoja ulishikilia kwamba Biblia imenena waziwazi na kwamba kanisa halina idhini ya kuibadilisha ili kuzifurahisha nyakati. Upande wa pili ulishikilia kwamba kanisa linawafungia nje watu walioumbwa na Mungu yuleyule, na kwamba Biblia hiyohiyo iliwahi kutumiwa kuhalalisha utumwa na kuwanyima wanawake mimbari.

Kwa baadhi ya makasisi, mabishano hayo yaliingia hadi nyumbani. Mwaka wa 2013, kasisi Frank Schaefer wa Pennsylvania alishtakiwa katika mahakama ya kanisa na kuvuliwa ukasisi kwa kosa la kuongoza harusi ya mwanawe wa kiume na mwanamume mwenzake. Alirejeshewa daraja lake mwaka uliofuata baada ya kukata rufaa.

Mnamo Julai 2016, majimbo ya magharibi mwa Marekani yalimchagua Karen Oliveto kuwa askofu. Yeye ndiye askofu wa kwanza wa dhehebu hilo aliyekuwa amefunga ndoa na mwanamke mwenzake hadharani. Kwa wahafidhina, huo ulikuwa ushahidi kwamba sheria ilikuwa imebaki kwenye karatasi tu.

Kura ya St. Louis

Maaskofu waliitisha kikao maalumu cha Mkutano Mkuu mjini St. Louis, Missouri, Februari 2019. Maaskofu wengi waliunga mkono mpango ambao ungeziachia konferensi, makasisi na makanisa kuamua wenyewe. Wahafidhina walileta mpango wao wa kudumisha marufuku na kuongeza adhabu kwa wanaoyakiuka.

Mpango wa wahafidhina ulipita kwa kura 438 dhidi ya 384. Tofauti ilikuwa kura 54 pekee. Takriban watatu kati ya kila wajumbe kumi walitoka Afrika, na wengi wao walisimama na wahafidhina wa Marekani. Bila wao, matokeo yangekuwa mengine.

Hapo ndipo kinaya cha mgogoro huu kilipodhihirika. Walioshinda kura hawakuwa na nguvu za kuutekeleza ushindi wao, kwa maana makanisa mengi, maaskofu na konferensi kadhaa za Marekani zilitangaza kwamba hazitatii. Walioshindwa nao hawakuwa na nia ya kuondoka. Dhehebu likawa na sheria isiyotekelezeka na upinzani usiofukuzika. Kuanzia siku hiyo, swali halikuwa tena iwapo watatengana, bali watatengana vipi.

Jengo ni la nani?

Ili kuelewa ugumu wa kutengana, ni lazima kufahamu kifungu kimoja cha sheria za Wamethodisti ambacho kina umri wa zaidi ya karne mbili. Ni kifungu cha udhamini.

Katika karne ya 18, John Wesley, mwasisi wa Umethodisti, alihofia kwamba wadhamini wa nyumba ya ibada wangeweza kumfungia mlango mhubiri wasiyempenda, au kuigeuza nyumba hiyo kwa matumizi mengine. Akaandaa hati ya mfano iliyohakikisha kwamba kila nyumba ya ibada itatunzwa kwa manufaa ya jumuiya yote ya Wamethodisti.

Kanuni hiyo iliendelea hadi United Methodist. Waumini wa mtaa ndio wanaochanga, kununua kiwanja, kujenga na kulipia ukarabati wa paa. Hata hivyo, wanaishikilia mali hiyo kwa niaba ya dhehebu zima. Wakiamua kujiondoa bila idhini, wanaondoka na Biblia zao mikononi, na jengo linabaki nyuma.

Wakenya hawatauona utaratibu huu kuwa mgeni, kwa sababu ardhi ya makanisa mengi makubwa nchini huandikishwa kwa jina la wadhamini waliosajiliwa. Muumini aliyechangia mawe na saruji kwa miaka 30 huenda asijue hata siku moja ni jina la nani lililo kwenye hati, mpaka siku ya ugomvi.

Kwa kutambua kwamba wengi wangetaka kuondoka, kikao cha St. Louis kilipitisha kifungu cha muda, nambari 2553. Kifungu hicho kililiruhusu kanisa la mtaa kuondoka na mali yake kwa sababu za dhamiri kuhusu suala la jinsia na ndoa. Masharti yalikuwa matatu makuu.

Kwanza, theluthi mbili ya waumini waliohudhuria na kupiga kura iunge mkono hatua hiyo. Pili, kanisa lilipe michango yake ya lazima kwa dhehebu, ile ya miezi 12 iliyopita na ya miezi mingine 12 ijayo. Tatu, lilipe sehemu yake ya deni la malipo ya uzeeni ya makasisi. Sharti hili la mwisho lilitokana na hesabu nyepesi: makasisi wastaafu walikuwa wameahidiwa pesa, na kila kanisa lililoondoka lilipunguza idadi ya wachangiaji.

Mlango huo ungefungwa Desemba 31, 2023.

Sharti la theluthi mbili ndilo lililoacha majeraha makubwa zaidi. Pale watu 100 walipopiga kura, 66 hawakutosha lakini 67 walitosha. Kura ya mtu mmoja iliweza kuamua iwapo waumini 66 wangeyaacha makaburi ya wazazi wao uani mwa kanisa, au iwapo wengine 33 ndio wangefungasha virago. Familia zilizoketi kwenye benchi moja kwa vizazi vitatu zilijikuta zikihesabiana vichwa.

Mapatano yaliyokufa

Haikuwa lazima mambo yafikie hapo. Mnamo Januari 3, 2020, viongozi 16 wa pande zote walitangaza mapatano ya kutengana kwa amani. Aliyewakutanisha kwa mara ya kwanza alikuwa Mwafrika, Askofu John Yambasu wa Sierra Leone. Msuluhishi alikuwa wakili Kenneth Feinberg, ambaye awali alisimamia ugawaji wa fidia kwa waathiriwa wa mashambulizi ya Septemba 11, 2001.

Kwa mujibu wa mapatano hayo, wahafidhina wangeunda dhehebu jipya, wangepewa dola milioni 25, na makanisa yanayotaka kuwafuata yangeondoka na majengo yake. Dola milioni 39 zingetengewa jamii zilizoathiriwa na ubaguzi wa rangi. Konferensi za ng'ambo nazo zingekuwa na haki ya kupiga kura na kuchagua upande. Kilichosalia kilikuwa idhini ya Mkutano Mkuu uliopangwa kufanyika Minneapolis, Mei 2020.

Janga la Covid-19 likazuka na mkutano ukaahirishwa. Agosti mwaka huohuo, Askofu Yambasu alifariki katika ajali ya barabarani nchini mwake. Mkutano uliahirishwa mara ya pili, kisha mara ya tatu. Mnamo Machi 2022 ilitangazwa kwamba haungefanyika hadi 2024, sababu mojawapo ikiwa kucheleweshwa kwa viza za wajumbe wa ng'ambo.

Wahafidhina hawakungoja tena. Mei 1, 2022 walizindua dhehebu jipya, Global Methodist Church. Mwezi uliofuata, baadhi ya waliotia saini mapatano ya 2020 walitangaza kwamba hawayaungi mkono tena. Ni vyema kutaja kwamba dhehebu hilo jipya halikuweka kifungu cha udhamini katika kanuni zake: kila kanisa la mtaa humiliki jengo lake. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Charlotte na baada yake

Mkutano Mkuu ulipokutana hatimaye mjini Charlotte, North Carolina, kuanzia Aprili 23 hadi Mei 3, 2024, maelfu ya makanisa ya kihafidhina yalikuwa yameshaondoka. Matokeo yalibainika mapema. Marufuku ya ukasisi iliondolewa bila mjadala kwa kura 692 dhidi ya 51. Siku iliyofuata, maneno ya mwaka wa 1972 yalifutwa kwa kura 523 dhidi ya 161.

Hata hivyo, sheria mpya haimlazimishi kasisi yeyote kuongoza harusi ya jinsia moja. Na kuhusu maana ya ndoa, wajumbe walikubali marekebisho yaliyoletwa na mjumbe wa Zimbabwe, ili maandishi yataje ndoa ya mwanamume na mwanamke, au ya watu wazima wawili. Waafrika waliobaki walipata maneno ambayo wangeweza kurudi nayo nyumbani.

Hatua kubwa zaidi ilikuwa ya kikatiba. Hapo awali, konferensi za ng'ambo ziliweza kurekebisha baadhi ya kanuni ili zilingane na mazingira yake, lakini Marekani haikuwa na baraza lake. Kila suala la Wamarekani liliamuliwa na ulimwengu mzima. Pendekezo jipya lililipa kila eneo, Marekani ikiwemo, uwezo wa kujitungia kanuni kuhusu mambo kama ndoa na ukasisi. Lilipita kwa kura 586 dhidi ya 164, na mnamo Novemba 2025 ilitangazwa kwamba konferensi duniani zimeliidhinisha kwa zaidi ya asilimia 90 ya kura.

Njia ya Waafrika

Wapo waliouona mpango huo kuwa wa busara: Congo itaamua ya Congo, na California itaamua ya California. Miongoni mwa waliouunga mkono ni Askofu Mande Muyombo wa Katanga Kaskazini. Wapo pia waliouona kuwa hila, wakisema kwamba mtu hawezi kula meza moja na ndugu yake huku akijidai hajui kinachopikwa jikoni.

Kifungu cha 2553 hakikuwasaidia Waafrika waliotaka kuondoka. Maaskofu walishikilia kwamba kilihusu makanisa ya Marekani pekee. Aidha, Mkutano wa Charlotte ulikifuta.

Mnamo Mei 28, 2024, majuma machache baada ya Charlotte, konferensi ya Côte d'Ivoire, yenye waumini zaidi ya milioni moja, ilipiga kura ya kujiondoa. Hilo lilikuwa mojawapo ya matawi makubwa zaidi ya dhehebu hilo duniani.

Nchini Nigeria mambo yalichukua mkondo wa kusikitisha. Askofu John Wesley Yohanna alijiondoa mnamo Julai 2024 na kujiunga na Global Methodist Church. Waumini wake, ambao tayari walikuwa na migawanyiko ya miaka mingi kuhusu uongozi, waligawanyika zaidi, na suala la nani amiliki makanisa likawa la ana kwa ana. Mnamo Desemba 2024, ghasia zilizuka katika jimbo la Taraba na watu wakauawa, wakiwemo watoto. Wafuasi wa pande zote mbili walikuwa na msimamo mmoja kuhusu ndoa. Kilichowapiganisha kilikuwa funguo za kanisa.

Si majengo ya ibada tu yaliyo kwenye mizani. Katika mataifa kadhaa, dhehebu hilo huendesha shule, zahanati na hospitali zinazotegemea misaada kutoka Marekani. Chuo Kikuu cha Africa kilichoko Mutare, Zimbabwe, kilianzishwa kwa uamuzi wa Mkutano Mkuu wa mwaka wa 1988. Konferensi inayoondoka haina budi kujiuliza ni nani atakayemlipa muuguzi mwezi ujao.

Historia ilishawahi kusema

Wamethodisti wa Marekani walishapita njia hii. Mwaka wa 1844 walitengana kuhusu utumwa, baada ya kubainika kwamba Askofu James Andrew wa Georgia alikuwa akimiliki watumwa. Waliandika mpango wa kutengana kwa amani, lakini hawakuelewana kuhusu mali ya shirika la uchapishaji vitabu. Kesi ilifika hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, iliyowapa ushindi watu wa kusini mwaka wa 1854. Waliungana tena mwaka wa 1939, miaka 95 baada ya kuachana, na hata wakati huo waumini weusi walitengewa jimbo lao la peke yao hadi 1968.

Waanglikana nao wanayajua haya. Mnamo Agosti 2007, Askofu Mkuu wa Kenya wakati huo, Benjamin Nzimbi, aliwaweka wakfu mjini Nairobi Wamarekani wawili, Bill Atwood na William Murdoch, ili wawaongoze Waanglikana wa Marekani waliokataa msimamo wa kanisa lao kuhusu suala hilihili. Katika jimbo la Virginia, makanisa saba yaliyojitenga yalipambana mahakamani kwa miaka kadhaa. Mwaka wa 2012 mahakama iliamua kwamba majengo ni ya dayosisi, na waumini wakatoka.

Yote haya yanaonyesha kwamba kutengana si lazima kuwe vita. Kifungu cha 2553, pamoja na ugumu wake, kiliwawezesha maelfu kuondoka bila kufika kortini, kwa sababu kilitaja bei, tarehe na idadi ya kura. Pale ambapo hapakuwa na kanuni ya kuondoka, kama Nigeria, nguvu ilishika nafasi ya sheria.

Kwa makanisa ya Kenya, ambayo mengi yameshaona farakano za kila aina, kuanzia za uongozi hadi za sadaka, wakati mwafaka wa kuuliza hati imeandikwa jina la nani ni sasa, wakati watu bado wanasalimiana baada ya ibada. Wahenga walinena kwamba heri nusu shari kuliko shari kamili. Kanuni ya kuachana ikiandikwa siku ya amani, huenda hata hamu ya kuachana ikapungua.